Jubilei ya parokia yenu inakaribia? Anzeni kwa wazee, vitenge vitasubiri

Tumsifu Yesu Kristo jamani. Naandika hii kwa sababu mwezi huu nimepigiwa simu na watu wa parokia mbili, moja huku huku kwetu Moshi vijijini na nyingine ya Arusha, wote wanauliza kitu kimoja, wamechaguliwa kwenye kamati ya jubilei wakapewa kazi ya historia na hawajui waanzie wapi. Mimi nilikuwa katibu wa historia tulipoadhimisha miaka 75 ya parokia yetu. Mengine tulifanya vizuri, mengine tuliharibu, na lile kubwa tuliloharibu linaniuma mpaka leo kwa hiyo naanza nalo.

Kamati iliundwa mwaka mmoja na miezi kabla. Kikao cha kwanza tukajadili rangi ya kitenge, cha pili bado kitenge, cha tatu ng'ombe wangapi na turubai zitoke wapi, historia ikawa inawekwa chini kabisa kwenye mengineyo. Sasa kigango cha juu, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, kulikuwa na bibi mmoja kapita miaka tisini, anajulikana kuwa mmoja wa waliobaki kati ya wale waliobeba mawe ya kanisa. Tukasema tutamwendea baada ya Pasaka. Akafariki Kwaresima. Tukamzika kihambani kwake, kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, nimesimama pale kwenye migomba nasikiliza wasifu wake unasomwa, mistari haizidi sita, kuzaliwa kubatizwa kuolewa watoto wajukuu, hakuna jiwe hata moja lililotajwa, na mimi ndiye niliyetakiwa niwe nimeshamsikiliza.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo, kabla hamjachagua rangi yoyote kaeni na viongozi wa jumuiya zote muandike majina ya wazee waliopita miaka themanini, na wiki hiyo hiyo muanze kuwatembelea. Mgonjwa zaidi ndiye wa kwanza.

Sisi tulibahatika, yule bibi alikuwa na mdogo wake. Tulienda watatu, sukari kilo mbili na sabuni, simu nikaiweka juu ya meza inarekodi baada ya kumwomba ruhusa. Nikakosea tena, nikamuuliza bibi kanisa lilijengwa mwaka gani, akaninyamazia. Mzee mwenzangu wa kamati akauliza vizuri zaidi, "Bibi, ulikuwa umeshaolewa?" Hapo ndipo maneno yakaanza kutoka. Akasema alikuwa binti wa mafundisho, hajapata hata komunyo ya kwanza, na kila mtoto aliyekuja mafundisho alitakiwa aje na jiwe kutoka mtoni, katekista anasimama pale njiani, ukija mikono mitupu unarudishwa mtoni. Akainuka mwenyewe, akavuta jani kavu la mgomba pale nje, akalisokota likawa ngata, akaniwekea kichwani. Akasema jiwe la dada yake lilikuwa kubwa kuliko yake siku zote na alikuwa anaona wivu. Wanaume walikuwa wanashusha mbao kutoka msituni kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, kila mtaa na siku yake. Hayo yote hayapo kwenye karatasi yoyote ya parokia, nimetafuta.

Wazee hawakai na miaka kichwani, wanakaa na matukio, na matukio ndiyo yana miaka. Babu mmoja alituambia kengele ililetwa mwaka aliotawazwa Mangi Mkuu Marealle, mtawala wa Wachaga wote (mangi ni chifu), basi huo ni 1952, tukaandika. Mwingine akasema nyumba ya mapadre iliongezwa "kabla kidogo serikali haijachukua shule", shule za misheni zilitaifishwa mwishoni mwa miaka ya 60, kwa hiyo tukajua pa kutafuta. Tengenezeni karatasi yenu ya matukio kabla ya kwenda, vita vya Hitler, Uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, vita vya Kagera, halafu ongezeni ya kwenu, mwaka wa njaa, mwaka daraja lilipozolewa na maji.

Baada ya wazee ndiyo mwende kwa Baba Paroko mumwombe vitabu. Kila parokia inatakiwa kutunza kitabu cha ubatizo, cha ndoa na cha marehemu, na cha ubatizo ndicho kina mali zaidi kwa sababu pembeni ya jina la mtu wanaongeza baadaye kipaimara, ndoa, daraja takatifu au nadhiri za utawa. Sisi idadi ya mapadre na masista waliotoka kwetu tuliipata pale pembeni, sio kwenye kumbukumbu za watu maana kila ukoo ulikuwa unataja wa kwake tu. Vya zamani vina Kilatini lakini msiogope, maneno ni yale yale yanajirudia, filius ni mtoto wa kiume, filia wa kike, patrinus ni msimamizi wa kiume wa ubatizo. Kuna ukurasa mmoja sitausahau, wino umegeuka kahawia, watoto wachanga wamefuatana mstari kwa mstari na kila mmoja ameandikiwa in periculo mortis, yaani amebatizwa akiwa hatarini kufa. Nikahesabu kwa kidole nikaacha. Tulipowauliza wazee wakasema ni surua. Tukaamua hao watoto waombewe kwa namna ya pekee kwenye misa ya jubilei, na waliombewa.

Ila naomba sana hivi vitabu msivipige picha mkarusha kwenye grupu la WhatsApp. Mle ndani kuna siri za familia, nani alizaliwa nje ya ndoa, nani ndoa yake ilikuwa na shida, na watoto wao wapo hai. Someni pale pale ofisini, andikeni mnachohitaji, rudisheni.

Sasa suala la tarehe, hapa ndipo kamati nyingi zinagombana. Parokia ina mianzo mingi. Kuna siku katekista wa kwanza alipoanza kufundisha chini ya mti, kuna siku palipofanywa kigango, siku palipotangazwa parokia, na siku kanisa lilipotabarukiwa, na hizo zinaweza kupishana miaka thelathini. Kaeni mkubaliane mnaadhimisha ipi, muiandike wazi kwenye ukurasa wa kwanza, na hizo nyingine mzitaje. Sisi tulichapa kalenda kabla hatujakubaliana, zikatoka na mwaka wa kigango zikiita mwaka wa parokia, hela ya waumini ikapotea.

Na muwe makini na majina ya majimbo. Watu wanaandika "Jimbo la Moshi" hata kwa mambo ya 1930 wakati huo jimbo lilikuwa halijaitwa hivyo. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambao walishafika Bagamoyo tangu 1868, walipanda huku mlimani 1890 wakiwa na Askofu de Courmont, Mangi Fumba akawapokea Kilema na ndiyo ikawa misheni ya kwanza ya Kikatoliki Kilimanjaro, Kibosho ikafuata 1893. Vikarieti ya Kilimanjaro, yaani eneo la kimisionari ambalo bado halijawa jimbo, ikaja 1910, na Jimbo la Moshi ni 1953. Nyie wa Arusha hili linawahusu zaidi, kwa sababu Arusha ilimegwa kutoka Moshi 1963 na kuwa jimbo kuu ni 1999, kwa hiyo parokia yenu kama ni ya zamani msishangae barua zake za mwanzo zikiwa Moshi. Ombeni barua ya utambulisho kwa paroko mje mtafute huku.

Picha kusanyeni Desemba. Kila mtu anajua Mchaga anarudi nyumbani Krismasi, na albamu zimekaa kwenye makabati ya wazee huko vihambani, wenye simu nzuri wako Dar. Sisi tulitangaza misa mbili za Desemba kwamba kila familia ilete picha moja ya zamani ofisini, tunaipiga palepale anaondoka nayo, tukapata zaidi ya mia. Andikeni nyuma ya kila nakala nani ni nani, mwenye picha akiwa amesimama mbele yenu.

La mwisho ninalotaka kusema ndilo nililojifunza kwa yule bibi wa ngata. Rasimu yetu ya kwanza ilikuwa orodha ya maparoko, kutoka padre fulani hadi padre fulani, miaka yao na walichojenga. Nikamsomea bibi nikidhani atafurahi. Akasikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Mwanangu, na mwalimu wetu mbona hayumo?" Alikuwa anamaanisha katekista. Na ni kweli, padre enzi hizo alikuwa anakuja kutoka parokia mama kwa miguu siku moja moja, katekista ndiye alifundisha, ndiye alibatiza wale wachanga wa surua usiku, ndiye alizika, na hatukuwa na jina lake hata moja. Tukarudi kwenye vitabu, tukapata makatekista kumi na mmoja, tisa kati yao makaburi yao yanajulikana. Siku ya jubilei majina yao yalisomwa kabla ya maparoko, halafu yakafuata ya waliobeba mawe, wale tuliowapata. Dada yake bibi alisomwa wa kwanza. Bibi mwenyewe alikuwa amekaa benchi la mbele, ngata ya jani la mgomba ameishika mapajani, na aliposikia jina la dada yake akaitikia "yupo".