Golori imekwama kwenye gobore? Maji kwanza, moto KAMWE

Mkuu, kalichukue hilo gobore kwa fundi leo hii. Umeandika kwamba golori, yaani risasi ya duara, imekwama mtutuni tangu enzi za marehemu babu yako, na fundi wa kuchomelea hapo Unga Limited, Arusha, ameahidi kuupasha mtutu kwa gesi ili afungue parafujo la nyuma linaloziba mtutu. Mimi nilifanya hivyo hivyo Moshi, kwenye karakana moja ya Majengo, na leo kidole changu cha shahada cha kushoto kinaishia kwenye kifundo cha kwanza.

Fundi wangu aliniambia: "Baruti ya miaka arobaini imeshakufa, hilo ni vumbi tu." Nikamwamini kwa sababu ya mvi zake. Uongo mtupu! Baruti nyeusi haifi kwa umri. Ikikaa kavu ndani ya chuma kilichozibwa, hata mjukuu wako ataikuta inawaka. Akaubana mtutu kwenye jiriwa, akaelekeza mwali kule nyuma, nami nimeushika katikati kwa tambara usicheze. Dakika mbili hazikuisha.

Kumbe golori haikuwa imekalia baruti. Ilikuwa imegota kama shubiri mbili mbele yake, na katikati pako wazi. Nafasi hiyo ndiyo mbaya kuliko yote: mgandamizo unakuja kwa kasi, unakuta golori imeziba njia, chuma kinavimba na kupasuka papo hapo. Ulipasuka chini ya kiganja changu. Kwa hiyo na huyo anayekushauri uweke fataki, kile kikofia kidogo cha kuwashia baruti, ufyatue ili itoke yenyewe, usimsikilize hata kidogo.

Hospitali ya KCMC walinishona usiku ule. Fundi alikuja kunipa pole, akasema ni bahati mbaya. Bahati mbaya gani, mzee? Wewe ndiye uliyewasha gesi! Hakuuliza hata mara moja kama gobore lina baruti, na bado anapokea kazi za watu.

Sasa sikia. Ingiza fimbo mpaka igote, itie alama usawa wa mdomo, kisha ilaze nje ya mtutu, alama ikiwa usawa wa mdomo. Ikiishia kabla ya tundu la fataki, kuna kitu ndani, na wewe chukulia kwamba ni baruti. Usikae mbele ya mdomo. Mimina maji, siyo mdomoni tu maana golori imeziba, bali kwenye tundu la fataki mpaka yajae, uache siku kadhaa ukiongeza. Shura, ile chumvi inayoifanya baruti iwake, huyeyuka majini, nguvu yote inaondoka. Usiache ikauke tena kabla hujamaliza, na usimruhusu mtu atoboe kwa drili.

Ikishalowa, fundi wa silaha anafungua kichuchu cha fataki, kile kinachovishwa fataki, anafunga mahali pake kichuchu cha grisi, anasukuma kwa pampu ya grisi ya gereji. Golori inatoka polepole, kimya. Skrubu ya kung'olea hushika risasi ya madini laini tu. Magobore yetu mengi yalijazwa vyuma vya beringi na vipande vya nondo, itateleza bure.

Kama halina kibali, anzia polisi. Sheria ya silaha ya 2015 inaligusa gobore pia.

Umeuliza na kutu na mafuta ya kitako, sijui nini tena. Hayo baadaye. Limeshatoka kwa fundi? Fimbo imegota wapi?