Maswali na majibu: Mvua, mteremko na malisho ya milimani Kigoma

Barua nyingi za safari hii zimetoka milimani: Buhigwe, Kasulu, Kibondo. Karibu zote zinalia na mvua isiyoeleweka. Watu wanauliza mbegu gani mpya inunuliwe, nami naanza kwingine: tuyazuie kwanza maji palepale yanapoangukia.

Shikamoo bibi shamba. Mvua ilianza Oktoba, nikapanda mahindi na maharage kesho yake. Ikakata wiki tatu, vyote vikaungua. Nitaijuaje mvua ya kweli? (Mkulima, Munanila)

Marahaba, na pole sana. Mvua ya kwanza mara nyingi hutuliza vumbi tu. Kabla ya kupanda, chimba kwa jembe sehemu mbili tatu za shamba. Udongo uwe na unyevu hadi kina cha shubiri moja, na ukiufinya mkononi ushikamane. Ukikuta mkavu chini ya vidole vinne, rudi nyumbani, subiri. Usimalize mbegu yote siku moja: panda sehemu, nyingine iache ghalani hadi mvua itulie. Panda pia maharage yanayokomaa mapema, kwa sababu kile kiangazi kifupi cha Januari au Februari kinaweza kukukuta maua yametoka. Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usikilize kwa makini, uhakikishe kinachotajwa ni upande wako wa mkoa. Kaskazini mwa Kigoma na kusini mwake hazianzi kunyeshewa pamoja.

Shamba langu liko kwenye mteremko mkali. Kila mvua kubwa inashuka na udongo mweusi hadi bondeni. Nimepanda kwa matuta lakini bado. (Mama wa watoto wanne, Heru Juu)

Mama, nashuku matuta yako yanafuata mteremko, kutoka juu kwenda chini. Hayo yanageuka mifereji ya kuharakisha maji. Yanatakiwa yakate mteremko, na jicho pekee halitoshi kuupata usawa. Tengeneza kipimo cha fremu A, hakina gharama. Chukua miti miwili ya mita 2, ifunge pamoja juu, funga wa tatu katikati kukingama, kisha ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Simamisha miguu yake mahali pawili, weka alama pale kamba inapogusa mti wa kati. Geuza fremu, miguu ibadilishane mahali palepale, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo usawa wako. Sasa tembeza fremu kuvuka shamba, kila mguu unapotua kwa usawa piga kigingi.

Kwenye mstari huo chimba mfereji wa kama sentimita 60 kwa 60, udongo wote utupe upande wa juu. Ndiyo maana wakulima wanaita fanya juu. Juu ya tuta hilo panda matete au majani ya Guatemala, mizizi ishike. Anzia mfereji wa juu kabisa wa shamba, maana ukianzia chini, maji ya juu yatakuja kuubomoa. Na hapa nasema kwa msisitizo: kama shamba la juu yako ni la jirani na halina makinga maji, kazi yako yote iko hatarini. Mfuate, zungumzeni, pimeni pamoja. Mlima haugawanyiki kwa mipaka ya mashamba.

Majani ya tutani yakikua, katia mbuzi au ng'ombe wako.

Nina ng'ombe wa Ankole kumi na wawili. Agosti na Septemba wanabaki mifupa, natembea nao mbali mno. (Mfugaji, Kibondo)

Jifunze kwa Wasukuma, ambao siku hizi wengi ni jirani zako. Wana ngitili: eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua, likafunguliwa kiangazi. Shinyanga, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 ulirudisha ngitili kwenye ardhi iliyokuwa imekaribia kuwa jangwa. Tenga kipande, kiwekee mkanda wa kuzuia moto, maana moto mmoja wa Julai unamaliza kila kitu. Kata pia nyasi zinapoanza kutoa maua, zianike siku mbili tatu ukizigeuza, uzifunge na kuzihifadhi pakavu. Zikifungwa mbichi zitaota ukungu.

Wafugaji wanaingiza ng'ombe mashambani baada ya mavuno. Sisi tunataka mabua yabaki yafunike udongo. Serikali ya kijiji ifanye nini? (Mjumbe, Kasulu)

Wote mna haki, ndiyo maana ugomvi hauishi. Mabua yote yakiliwa, mvua ya kwanza inapiga udongo ulio uchi. Yakiachwa yote, ng'ombe wanakufa njaa. Nimeona makubaliano haya yakifaa: maganda na majani ya maharage yapewe mifugo, mabua ya mahindi yabaki shambani walau nusu, na mfugaji alipe kwa samadi, mikokoteni ihesabiwe. Yaandikwe, yapitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, na njia za mifugo zionekane kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi. Makubaliano ya mdomo yanavunjika kiangazi kinapokuwa kikali.

Ni kweli hairuhusiwi kulima mboga kando ya mto?

Kweli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Bustani isogeze juu, maji uyabebe.

Hayo maji nitayatoa wapi? Nyumba yangu ni ya bati.

Basi unayo. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 6 kwa 8 likipata milimita 10 linashusha hadi lita 480. Weka mfereji wa bati kwenye ukingo wa paa, maji ya kwanza yenye vumbi yaache yamwagike, yanayofuata yaingize pipani, na pipa lifunike mbu wasizaliane.