Rubani mwenye mvi apumzishwe lini?

Safu iliyopita niligusia kwa mistari minne tu lile ombi la mashirika ya ndege duniani, kwamba umri wa mwisho wa rubani wa ndege za abiria za kimataifa upandishwe kutoka miaka 65 hadi 67. Lilifikishwa kwenye mkutano mkuu wa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, Montreal, mwaka 2025, na halikupita. Nilidhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zilivyomiminika ilibidi simu niiache inachaji sebuleni, mimi nikalale.

Nimechagua saba. Kwa mgeni wa safu hii: mimi ni fundi wa ndege mstaafu, nimeshika spana uwanja wa Dar es Salaam miaka 29. Sijawahi kurusha ndege. Marubani nimewajua kwa kuwapokea wakishuka.

Shikamoo mzee. Nilipanda ndege ndogo kwenda Unguja, nikawekwa kiti cha mbele kabisa, ubavuni kwa rubani. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, miwani ananing'iniza shingoni kwa kamba. Na yuko peke yake! Nilisali njia nzima. Hii inaruhusiwa? – Abiria, Tandika

Marahaba mwanangu. Hizo ndege za injini moja zinazotoka jengo la zamani la uwanja zimeundwa hivyo, rubani mmoja anatosha, na ndiyo maana wewe ulikipata kiti cha msaidizi. Kuhusu umri, kiwango cha ICAO kwa safari za kibiashara za kimataifa kina ngazi mbili. Ndege yenye rubani mmoja, mwisho ni miaka 60. Yenye marubani wawili au zaidi, mwisho ni 65. Safari za ndani kila nchi inajipangia. Zetu zinasimamiwa na TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, ambayo kanuni zake zimejengwa juu ya viwango hivyohivyo. Mantiki yake unaiona mwenyewe: mmoja akianguka, nani ashike usukani? Wewe?

Mvi sizo umri lakini. Nimemwona kijana wa miaka 44 kichwa chote kama pamba.

Na hiyo miwani iliyokutisha ingepaswa kukutuliza. Rubani ambaye leseni yake inamtaka avae miwani analazimika kuwa na jozi ya pili ya akiba, mahali anapoweza kuifikia akiwa kazini. Siku nyingine angalia mfuko wa shati lake. Angalia na vidole pia. Wale wazee nawakumbuka hivi: kabla ya kuwasha injini kidole kinatembea kwenye ile orodha ya ukaguzi, mstari kwa mstari, midomo inasoma, ingawa njia ya Unguja ni dakika ishirini na ameiruka mara elfu. Kijana anayeisoma orodha kwa kichwa ndiye aliyekuwa ananinyima raha.

Hawa wazee watupishe! Sisi tunamaliza shule tunakaa nyumbani, wao wanang'ang'ania hadi 65, sasa wanataka 67. – Mwanafunzi, Mabibo

Nakuelewa, na sitakudanganya kwamba foleni haipo. Ukapteni unapandwa kwa zamu, na kila mzee anayeongezewa miaka miwili anakurudisha nyuma miaka miwili.

Ila hesabu yako ina kipande kilichopotea. Leseni ya rubani wa ndege za biashara unaipata ukiwa na saa 200 hivi za kuruka. Leseni ya juu, ya kuwa rubani mkuu wa ndege kubwa, inadai saa 1,500. Katikati hapo ndipo vijana wengi wanakwama, na mzee akiondoka leo wewe mwenye saa 200 huchukui kiti chake. Utachukua kiti cha yule aliyechukua kiti cha yule aliyechukua chake, baada ya miaka. Tangu 2016 serikali ilipoanza kuinunulia ATCL, yaani Air Tanzania, ndege mpya, na Dreamliner ya kwanza ikatua 2018, watu wengi walidhani ndege ndiyo kazi ngumu. Ndege inanunuliwa. Kapteni wa kuirusha hapatikani dukani, na wewe utafundishwa na nani kama si huyohuyo unayemfukuza?

Wamarekani walilionja hili. Wakati wa korona mashirika yao yaliwapa marubani wakubwa kifuta jasho waondoke mapema, wakaondoka kwa maelfu. Abiria waliporudi, ndege zikakosa watu wa kuzirusha.

Habari za siku, fundi. Mimi nimefundisha, nikastaafu nikiwa na 60 kwa mujibu wa sheria. Jaji wa Mahakama Kuu 60, wa Rufani 65. Hiyo 65 ya rubani ilitoka kwa daktari au kwa mwanasiasa? – Mwalimu mstaafu, Ukonga

Nzuri, mwalimu. Swali lako ndilo nililolipenda kuliko yote, na jibu ni: haikuanza kwa daktari.

Chimbuko lake ni Marekani, mwaka 1959. Ndege za jeti zilikuwa zinaingia, na mkuu wa American Airlines alikuwa na mvutano na marubani wake wakubwa waliogoma kuondolewa wakifika 60. Akamwandikia barua mkuu wa mamlaka ya anga ya nchi hiyo, Elwood Quesada. Mwaka haujaisha, kanuni ya miaka 60 ikatoka. Baadaye Quesada huyohuyo akaingia kwenye bodi ya American Airlines. Mimi sisemi kitu, nasoma tu tarehe.

Namba ikakaa karibu nusu karne. ICAO waliipandisha hadi 65 Novemba 2006, kwa sharti kwamba kapteni akiwa amevuka 60, mwenzake awe chini ya 60. Marekani wakafuata Desemba 2007. Mwaka 2014 sharti la mwenzake likafutwa, kwa hiyo leo wazee wawili wa miaka 64 wanaweza kukaa pamoja mbele. Ulaya ilikwenda mahakamani: mwaka 2011 mahakama yao ilisema mkataba wa Lufthansa wa kuwastaafisha marubani wakiwa na 60 ni ubaguzi, lakini mwaka 2017 ikakubali kikomo cha 65. Japani wanaruhusu hadi 67. Australia na New Zealand, kwa safari za ndani, hawana kikomo kabisa.

Sasa umeona, mwalimu. Namba inayohama hivyo si kipimo cha mwili wa mtu. Ni makubaliano, kama bei ya nyanya Kariakoo. Lakini makubaliano nayo yana kazi yake: rubani wa Dar akitua Johannesburg au Mumbai, wenye nchi wanahitaji kujua kwamba leseni yake imefuata kipimo kimoja na chao. Nchi ikijipandishia peke yake hadi 67, wazee wake watabaki kuruka ndani ya mipaka yao, au kwenye nchi zitakazowakubali tu. Kwa hiyo mimi kikomo nakiunga mkono, na 65 sina ugomvi nayo. Ninachokataa ni kudhani kwamba tukishaweka namba tumeshamaliza kazi ya usalama.

Rubani akifa hewani je? – Bodaboda, Gongo la Mboto

Imetokea. Juni 2009, ndege ya Continental kutoka Brussels kwenda Newark, kapteni wa miaka 60 alifariki katikati ya Atlantiki. Oktoba 2024, kapteni wa Turkish Airlines aliyekuwa na miaka 59 alifariki akitokea Seattle, na vipimo vyake alikuwa amevipita Machi mwaka huohuo. Zote mbili zilitua salama, kwa sababu kiti cha pili kilikuwa na mtu anayejua kazi. Na wote wawili, kama unavyoona, walikuwa mbali na 65. Wewe ukianguka pikipiki haina kiti cha pili, vaa kofia.

Shikamoo baba. Mume wangu ni rubani, ana miaka 63. Kila miezi sita akikaribia kupimwa nyumbani hakukaliki. Anaacha chumvi, anameza vitunguu saumu, halali. Najua presha inampanda. Nikimwambia amwambie daktari ukweli ananijibu, "Unataka watoto wasome kwa pesa gani?" Nifanye nini? – Mama, Mbezi

Marahaba mama. Nimeisoma yako mara tatu.

Kwanza nikupe faraja ndogo: si yeye peke yake. Tulikuwa na kapteni mmoja, sitamtaja na shirika silitaji, wiki mbili kabla ya kupimwa alikuwa anakuja karakana kwetu na chupa ya maji ya ndimu. Anakaa kwenye kreti ya vipuri, anajifunga kifaa cha presha cha kununua duka la dawa, anasoma, anakaa kimya, anapima tena. Mara nne, mara tano. Sisi tunajifanya tunafunga boliti. Hakuna aliyemwuliza kitu. Leo ninapoandika naona aibu kwa ukimya ule, maana sisi mafundi kipimo cha mafuta kikisoma vibaya mara moja tulikuwa tunaizuia ndege isiruke.

Utaratibu ni huu. Akivuka 60, cheti cha afya cha rubani wa abiria kinadumu miezi sita badala ya mwaka. Daktari aliyeidhinishwa anaangalia moyo, macho, masikio, sukari, presha. Mbali na hapo kuna simuleta, ile mashine inayoiga ndege, ambako anazimiwa injini na kuwashiwa moto wa bandia. Wanaopinga kikomo cha umri wanategemea hoja hii: mpime mtu, usipime tarehe yake ya kuzaliwa. Na wana ushahidi. Watafiti wa Marekani waliwafuatilia kwa miaka mitatu marubani 118 wa umri wa miaka 40 hadi 69 kwenye simuleta, matokeo yakachapishwa 2007. Wakubwa walianza nyuma kidogo ya vijana, lakini kadiri miaka ilivyokwenda walishuka kidogo kuliko wao, na ujuzi uliwabeba.

Tatizo ni kwamba vipimo vinategemea mtu aseme ukweli. Umri hauna pa kujificha, umeandikwa kwenye pasipoti. Presha inafichwa kwa ndimu. Na huzuni hata ndimu haihitaji. Ile ndege ya Germanwings iliyobamizwa mlimani Ufaransa Machi 2015 na kuua watu 150, aliyefanya vile alikuwa na miaka 27. Nyumbani kwake zilikutwa karatasi za daktari za kumtaka apumzike kazini, amezichana. Wachunguzi wa Ufaransa walipoandika ripoti yao walisisitiza jambo hilohilo analolisema mumeo: rubani anaogopa kwamba leseni ikienda, riziki imekwenda. Wakashauri mashirika yatafute namna ya kumpunguzia hasara hiyo.

Kwa hiyo mama, mwambie hivi, na kama hasikii kwako mpe hii safu asome. Presha inayotulizwa kwa dawa zinazokubalika haimfukuzi mtu kazini moja kwa moja. Daktari anaweza kumsimamisha kwa muda, akaona dawa inavyomkaa, akamrudisha. Presha iliyofichwa ndiyo itakayomtoa, tena pabaya. Aangalie pia mkataba wake kama una bima ya kupoteza leseni. Wengi wanayo na hawajawahi kuisoma. Akiwa hana, hilo ndilo la kwenda kudai kwa mwajiri yeye na wenzake, kabla ya kudai 67.

Na vitunguu saumu aendelee, havina ubaya.

Mbona Rais hana kikomo cha umri, na anaongoza watu milioni zaidi ya sitini? – Msomaji, Manzese

Katiba inamtaka awe ametimiza 40, juu haikuweka dari. Lakini Rais naye akipanda ndege ya abiria ya kimataifa anarushwa na mtu wa chini ya 65. Nyingine niulize nikishakunywa chai.

Fundi, hujambo? Unanifahamu, tumeshindana sana kuhusu tairi. Nilitimiza 65 mwezi uliopita. Safari ya mwisho walinimwagia maji uwanjani, picha zikapigwa, basi. Sasa naamka saa tisa usiku, naoga, nakaa. Kuna kazi gani ya mtu kama mimi? – Kapteni, Segerea

Sijambo kapteni, na lile tairi lilikuwa limekwisha, nasimamia nilichosema.

Kikomo ni cha kurusha abiria. Hakuna kilichosema uondoke kwenye anga. Simuleta haina abiria, na mwalimu wa simuleta mwenye saa zako anatafutwa. Darasani vilevile: NIT, chuo cha usafirishaji pale Mabibo, wanafundisha mambo ya anga, na huyo kijana aliyeniandikia hapo juu kwamba mtupishe anakaa huko. Mfuate. Umwambie wewe ndiye umepisha, kisha umfundishe kusoma hali ya hewa ya Kilimanjaro mwezi wa nne. Chukua kitabu chako cha saa za kuruka, kitoe nakala, nenda nacho, usisubiri kuitwa.

Hiyo ya saa tisa usiku haiishi haraka. Mimi ni mwaka wa sita huu. Nikiwa Kipawa kwa dada yangu, Dash 8 ikipita juu ya bati bado naacha kula, nasikiliza injini ya kulia.