Kazi ya Mungu Haina Makosa, Waliniambia

Kwa karibu miaka mitatu, salamu iliyonipa shida kuliko zote ilikuwa ile nyepesi kabisa: "Hali yako?" Hapa Dar jibu lake linajulikana. Mkristo atasema namshukuru Mungu, Mwislamu atasema alhamdulillah, na hata mlevi anayerudi nyumbani saa moja asubuhi atakwambia Mungu anasaidia. Mimi nikawa najibu "nipo". Basi, naishia hapo. Mama ntilie ninayekula kwake pale Kivukoni aliliona hilo kabla ya mama yangu mzazi. "Wewe siku hizi upo tu," akaniambia huku ananipakulia maharage. "Zamani ulikuwa unashukuru."

Kama na wewe siku hizi upo tu, haya nakuandikia wewe. Mimi si padre wala mwalimu wa dini. Ni wakala wa forodha, mkazi wa Kigamboni, mwimba besi kwenye kwaya ya parokia, na kuna kipindi niliimba besi hiyo bila kuamini hata neno moja lililokuwa linanitoka.

Mdogo wangu alikuwa anaendesha bodaboda. Oktoba 2019 aligongwa na lori Barabara ya Kilwa, akafia njiani kabla ya kufikishwa hospitali. Msiba ulikuwa nyumbani kwetu, siku tatu, turubai limefungwa mpaka kwa jirani. Kila aliyeingia alinishika mkono akasema, "Pole, kazi ya Mungu haina makosa." Wa kwanza nilimwitikia. Wa ishirini nilimtazama tu. Siku ya tatu mjomba aliisema sentensi ileile huku anahesabu rambirambi, nikatoka nje nikaenda kukaa nyuma ya choo, maana nilihisi nitamtukana. Hivi kweli, ile haikuwa na kosa? Kijana wa miaka ishirini na nne?

Mama yeye alisema maneno ya Ayubu: Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Akanyamaza kidogo, akamalizia: jina la Bwana na libarikiwe. Nilijaribu kumfuatisha, sehemu ya mwisho ikanikwama.

Shaka yenyewe haikunijia pale msibani. Ilikuja Krismasi, katikati ya wimbo. Niligundua nasikiliza sauti zinavyopangana, nani kachelewa, mwimba sauti ya tena gani kapanda mno, huku maneno yananipita kama matangazo ya redioni. Nikajiuliza, hivi huyu tunayemwimbia yupo? Swali likakaa. Liliponikalia wiki, mwezi, nikaanza kuogopa. Anayedhani mtu anaacha kuamini kwa raha zake, ili afanye dhambi vizuri, hajawahi kuipitia hali hii. Nilikuwa namtaka Mungu awepo kuliko nilivyowahi kumtaka nilipokuwa namwamini.

Kazi yangu nayo imeniharibu kidogo. Kontena halitoki bandarini kwa maneno matamu, linatoka kwa nyaraka, na nyaraka ikipungua moja unarudi kesho. Nikamdai Mungu hivyohivyo. Usiku nikawa natazama midahalo kwenye simu mpaka saa tisa, upande huu na upande ule. Nikasoma njia tano za Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa zamani, za kuonyesha kuwa Mungu yupo, nikazielewa, nikalala nazo, nikaamka vilevile. Baadaye nikakuta kwamba mwenyewe aliacha kuandika ghafla Desemba 1273, akisema yote aliyoandika anayaona kama mabua makavu, na Machi iliyofuata akafa. Nikahamia kwenye sayansi. Nikampata Georges Lemaître, padre wa Ubelgiji na mwanafizikia, aliyependekeza mwaka 1931 kwamba ulimwengu wote ulianza kutoka kitu kimoja kidogo mno. Nikasema hapa sasa nimefika, muhuri huu hapa. Kumbe Papa Pius XII alipoanza kuielekeza nadharia hiyo kwenye uumbaji, mwaka 1951, padre huyohuyo hakufurahia. Hakutaka hesabu zake zigeuzwe ushahidi wa Mungu.

Sisemi hoja hazina kazi. Wapo watu ambao shaka yao ni ya hoja kweli: mtu amesoma, amekuta kitu hakikai sawa, na hana jeraha lolote nyuma yake. Kama ndiyo wewe, soma, na usome wanaoamini na wasioamini, tena vitabu vizima, si vipande vya dakika mbili vilivyokatwa ili mmoja aonekane mjinga. Ila jipime kwa jambo moja. Ukipata jibu zuri, unatulia japo kwa siku mbili? Mimi nilikuwa napata majibu mazuri na situlii hata saa moja. Hiyo ingenishtua mapema kama ningekuwa na wa kunishtua.

Sikuwa naye, na hilo nadhani ni la mji wetu. Watu wa Dar tumebishana sana juu ya dini. Waliokuwepo wanaikumbuka mihadhara, Biblia na Kurani zinafunguliwa juu ya meza moja uwanjani na umati unashangilia kama mpira. Lakini ubishi ulikuwa ni dini ipi ya kweli. Kwamba Mungu yupo, hilo halikuwa na mbishi. Hata wimbo wetu wa taifa unaanza kwa kumwomba. Sasa wewe ambaye swali lako liko chini ya lile wanalobishania watu, utasimama upande gani? Utaitwa mpagani, utaambiwa ni shetani, au utaambiwa umesoma sana. Mimi nimeishia kidato cha sita na cheti cha forodha, lakini niliambiwa nimesoma sana.

Nilikwenda pia kwa wale wanaouza uhakika. Rafiki alinipeleka kwenye huduma moja, sitaitaja, nikaambiwa nipande mbegu, yaani nitoe sadaka, ya shilingi 50,000 nipate ishara ndani ya siku saba. Nikapanda. Siku ya nane nilikuwa na shaka ileile na hela ya kodi ya nyumba imepungua. Nacheka sasa. Wakati ule sikucheka, maana mtu mwenye kiu hii hulipa chochote, na wapo wanaojua hivyo. Anayekuwekea Mungu bei na tarehe, mkimbie.

Mkiwa parokiani mtajua kuna mapadre na mapadre. Wa kwanza niliyemwambia alinipa novena, sala ya siku tisa, na kunisihi niache simu, ushauri ambao si mbaya. Wa pili alikuwa mzee, amestaafu, anasikia kwa sikio moja. Nilimweleza yote, Akwino, Lemaître, mambo ya maovu duniani, nikaongea kama nusu saa. Alikuwa anamenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda linashuka refu bila kukatika. Nilipomaliza akauliza, "Siku ile mdogo wako anakufa, wewe ulikuwa wapi?"

Nikasema, "Bandarini, Baba."

Akaendelea kumenya. Nikasema, "Alinipigia mara mbili. Sikupokea."

Hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Mama hakulijua, mke wangu hakulijua. Alinipigia saa nne na dakika kumi na saa nne na dakika kumi na mbili, mimi nagombana na mtu juu ya karatasi za mzigo, nikaigeuza simu kifudifudi. Ajali ilitokea kabla ya saa tano. Sijui alikuwa anataka nini. Pengine alitaka kunikopa elfu tano ya mafuta, kama kawaida yake.

Padre hakuniambia nimesamehewa wala hakunipa aya. Alinigawia chungwa nusu. Nililia pale na chungwa mkononi mpaka juisi ikaingia kwenye saa.

Kuanzia siku hiyo nilielewa kwamba nilipokuwa nauliza "Mungu yupo?", ndani yake kulikuwa na swali jingine: mdogo wangu alikufa peke yake? Nilitaka Mungu awepo ili pale barabarani awepo mtu, maana mimi sikuwepo. Hakuna mdahalo wa kwenye simu unaojibu hilo. Kwa hiyo nakuomba, kabla hujatafuta jibu la swali lako, liangalie limebeba nini. Kwa mwenzako inaweza kuwa mimba iliyotoka, ndoa, baba aliyekuwa mzee wa kanisa na nyumbani anapiga, au hofu tu ya kufa. Unaweza usikute kitu. Lakini angalia.

Jirani yetu ni bibi wa Kiislamu, mwenyeji wa pale tangu Kigamboni ni mashamba ya minazi. Jioni moja nilimpitia, shikamoo, marahaba mjukuu wangu, akaniuliza mbona siku hizi sura imekunjamana. Sijui nini kilinipata, nikamwambia ukweli. Sikutegemea, lakini hakushtuka hata kidogo. Alinihadithia habari ya Nabii Ibrahimu kwenye Suratul Baqara, alivyomwomba Mola wake amwonyeshe anavyofufua wafu. Mola akamuuliza, kwani huamini? Akajibu naamini, ila nataka moyo wangu utulie. Na hakukaripiwa, akaambiwa achukue ndege wanne. Bibi akasema, "Ibrahimu, rafiki wa Mungu, moyo ulikuwa haujatulia. Wako wewe utatulia na nini?" Akaniongezea kwamba hata masahaba walimwendea Mtume wakalalamika kuwa wanapata mawazo ambayo hawathubutu hata kuyatamka, naye akawaambia kuchukizwa nayo huko ndiyo imani yenyewe.

Nilirudi nyumbani nikafungua Biblia yangu kwa macho tofauti. Tomaso, yule mwanafunzi wa Yesu, ambaye jina lake tumeligeuza tusi. Yohana anasema baada ya siku nane wanafunzi walikuwamo ndani tena, "na Tomaso pamoja nao." Siku nane! Wenzake wanasema tumemwona Yesu, amefufuka, yeye anasema siamini, na bado anakula nao na kulala nao. Hawakumfukuza, wala yeye hakujifanya ameamini ili asiwaudhi. Nikasoma Zaburi ya 88, inayoanza gizani na kuishia gizani, na wazee wa zamani wakaiacha humohumo kitabuni. Halafu Mama Teresa wa Kalkuta: barua zake zilipochapwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kufa kwake, watu wakagundua kwamba kwa miongo mingi alikuwa akiomba na kuhisi ukimya tu upande wa pili. Kanisa limeshamtangaza mtakatifu, mwaka 2016, barua zote zikiwa mezani.

Basi nami nikaamua kukaa siku zangu nane, ambazo zimeshakuwa miaka. Nafanya hivi. Kwenye kwaya naimba, lakini nilimwambia mwalimu wa kwaya asinipe kuongoza sala mpaka nitakapomwambia, naye alikubali bila kuuliza. Sali maneno ambayo hudanganyi ukiyasema. Mimi nilibakiwa na sala moja tu, ya yule baba wa mtoto mgonjwa kwenye Marko sura ya 9: naamini, nisaidie kutokuamini kwangu. Kuna siku hata neno "naamini" lilinishinda, nikasali nusu ya pili peke yake. Mchana nikipata nafasi naingia Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile la Wajerumani lililokamilika 1902, nakaa benchi la nyuma dakika kumi, nasikiliza honi za pantoni, kivuko cha kwenda Kigamboni. Sisemi kitu. Mlinzi ameshanizoea.

Usimwambie kila mtu. Tafuta mmoja anayeweza kusikia bila kuanza kukuhubiria dakika ya pili. Mama yangu nilichelewa kumwambia kwa makusudi, alikuwa na msiba wake wa kutosha. Na usibishane na Mungu saa nane usiku. Saa hiyo hata uhakika kwamba kutakucha unapungua. Zima simu.

Ila kama wiki zinapita hulali, huli, au umeanza kufikiria kujiua, hapo usikae unajiuliza ni shaka au ni imani. Mwambie mtu leo, nenda hospitali. Muhimbili wana idara ya afya ya akili na si ya vichaa, kama tunavyodanganyana mitaani. Mimi niliandikiwa dawa za miezi kadhaa na sioni aibu kulisema.

Uhakika ule wa muhuri sijaupata. Kuna asubuhi, hasa nikiwa kwenye pantoni jua linatoka upande wa bahari na watu elfu wamebanana na baiskeli zao na ndoo za samaki, nakuwa na hakika kabisa kuwa yupo. Nikifika ofisini imeshapungua. Zamani hilo lingenitesa.

Helmeti ya mdogo wangu ilikuwa inaning'inia kwenye msumari sebuleni, Mama anaifuta vumbi kila Jumamosi. Mwaka jana nilimwambia habari ya zile simu mbili. Alinyamaza muda mrefu, akasema, "Yule? Alikuwa anataka hela ya mafuta." Juzi helmeti amempa kijana wa jirani aliyenunua pikipiki.

Jumamosi hii jumuiya yetu ndogo ya parokia inasalia kwetu, saa kumi na mbili alfajiri. Nimemwambia mwenyekiti somo nitasoma mimi. Vitumbua vimeshaagizwa.