Je, nijikite kwenye utafiti wa miamba ya kale ya ncha za dunia?

Ndugu, umesema unapenda miamba ya kale ya ncha za dunia ila unahofia kuishi maisha yako yote kwenye barafu. Hofu hiyo iondoe. Msimu wa kazi za nje ni mfupi: Greenland ni Julai na Agosti hivi, Antaktika ni Novemba hadi Februari. Muda uliobaki utakuwa maabara, ukisaga mawe na kuchambua punje za zirkoni, aina ya madini magumu, ambazo jicho tupu huziona kwa shida. Ndani ya punje hizo metali ya urani hugeuka polepole kuwa metali ya risasi, na uwiano wa viwili hivyo ndio unaotaja umri. Ndivyo ilivyothibitishwa kwamba miamba ya eneo la Isua, Greenland, ina takriban miaka bilioni 3.7 hadi 3.8.

Kwa hiyo kemia na hesabu usizikimbie. Kwa maoni yangu, hizo ndizo zitakazokusumbua kuliko baridi.

Antaktika ina ugumu wake: takriban asilimia 98 imefunikwa na barafu, kwa hiyo utasoma bara zima kupitia vilele vichache vilivyochomoza. Kama huna subira, anza na Greenland.

Kwanza tafuta nafasi ya kusaidia kwenye maabara inayopima zirkoni. Safari uombe baadaye. Na jifunze kuchora ramani kwa mkono, maana betri huisha upesi kwenye baridi.