Malengelenge kwenye neva? Hapana, sema vifuko

Msomaji wetu anayesomea unesi ameuliza hivi: anatafsiri notsi kuhusu seli za neva zinavyotumia tena vesikoli za sinapsi (sinapsi ni pale seli moja ya neva inapokutana na ya jirani), kamusi imempa "malengelenge" kwa vesicles, "kuchakata upya" kwa recycling na mwishoni "ugonjwa wa mishipa kuharibika" kwa neurodegeneration, je, ziko sawa?

Kwenye malengelenge kamusi imekupoteza ndugu yangu. Lengelenge ni lile linalotoka ukiungua au kiatu kikikubana, ila Kiingereza kinatumia neno moja, vesicle, kwa vyote viwili ndo maana ukachanganyikiwa. Cha kwenye neva ni kifuko, basi, tena kidogo mno, upana wake kama nanomita 40, ndani kina kemikali ya kupeleka ujumbe kwa seli ya jirani.

Sasa kuchakata. Mkonge unachakatwa, unapondwa mpaka majani yanaisha zinabaki nyuzi, yaani kitu kinapoteza umbo lake, lakini kifuko hakifanyiwi hivyo, kinafika ukingoni kinaungana na utando wa seli kinamwaga kemikali, halafu utando unavutwa tena ndani, protini ya klathrini inaufunika kama koti na kuufinyanga, protini nyingine iitwayo dainamini inakata shingo, kinajazwa upya kinarudi kazini. Ni zile chupa za soda za kurudisha, kreti inaenda kiwandani inarudi imejaa, hakuna aliyezisaga. Kwa hiyo andika kurejeleza, maana rejea imo humohumo ndani ya neno. Vile vilivyochakaa vinavunjwavunjwa, hapo hata kuchakata nakubali.

Kuna nzi wa matunda wenye hitilafu kwenye dainamini, joto likifika nyuzi 30 hivi wanapooza palepale, vifuko vimetumika havirudi, ukiwapoza wanaamka. Jeni yao yenye hitilafu hiyo, yaani kile kipande cha urithi, inaitwa shibire, ni Kijapani, maana yake ganzi. Jina zuri sana hilo, limetoka kwenye lugha ya watu wa kawaida kabisa!

Na mishipa iache, tafadhali. Mshipa kwetu ni wa damu, ni wa fahamu, mpaka ngiri watu wanaiita mshipa, mgonjwa atadhani unamwambia habari za presha. Andika "seli za neva kufa polepole". Mfano ugonjwa wa Parkinson: protini za sinaptojanini na auksilini ndo zinakivua kifuko koti la klathrini, na wapo waliorithi hitilafu kwenye jeni za protini hizo, toka kwa baba na toka kwa mama, wakaanza kutetemeka na kukakamaa wakiwa bado vijana. Mtu kama huyo ukimwambia mishipa ataenda kupima presha, ukimwambia neva ataelewa kwa nini anapelekwa kwa daktari wa ubongo.