Re: Morgan ina chesisi ya mbao?

Salaam mkuu. Umeuliza kama gari la Morgan la Uingereza lina chesisi (fremu kuu ya chini inayobeba gari) ya mbao, maana fundi wako kakukatalia. Fundi yuko sahihi. Mbao za mti wa ash ni fremu ya bodi tu, ile inayovalishwa bati.

Cha kwanza angalia mwaka wa gari. H.F.S. Morgan, mwanzilishi wa kampuni, alianzia Malvern, mji wa Uingereza, na magari ya magurudumu matatu. Ya magurudumu manne, 4-4, ilikuja 1936, chesisi chuma. Chesisi ya alumini iliingia na modeli ya Aero 8 ya 2000.

Ukienda kukagua ya zamani, usihangaike na rangi. Fungua mlango, uushike kwa chini, uunyanyue. Nguzo ya bawaba ikicheza, mbao zimeoza, na hapo bei ishuke sana.